Bosi Ashuka Tutani

Injinia Nereida Tecuapetla aliomba sentimita mbili tu. Gari jipya liinuliwe sentimita mbili, la sivyo tumbo lake litakwaruza kila tuta la mji wa Puebla, Meksiko, na lawama zimwangukie yeye aliyechora springi. Mkurugenzi wake, Evaristo Lazcano, hakutaka hata kusikia. Gari la chini linapendeza, alisema, na saa kumi jioni angetia saini michoro, mjadala ufungwe.

"Basi bosi, kabla hujasaini, twende na hili la majaribio kwa mama yangu, Cholula," Nereida alisema kwa upole uliopitiliza. "Leo kapika kuku wa mole, ule mchuzi mzito wa pilipili."

Njia aliichagua makusudi: matuta kumi na moja, mengi yamejengwa na wenye nyumba bila kumwomba mtu ruhusa. Ajabu ni kwamba gari liliyavuka yote bila mkwaruzo, Evaristo akipiga mluzi. Nereida alitamani ardhi immeze.

"Sentimita mbili za nini, injinia?"

Walifika kwa mama yake, wakala, wakashiba. Wakati wa kuondoka, Mama Obdulia alifungua mlango wa nyuma, akaingia na sufuria lake. Wakafuata shangazi wawili waliojaliwa miili.

"Jamani, hili ni gari la majaribio!" Evaristo alilalamika.

"Si lina viti? Shika sufuria, baba, nikae vizuri."

Nereida akauma mdomo asicheke. Kiwandani walipima gari na watu wawili, na yeye, mtoto wa Cholula, alisahau kwamba kwao gari haliondoki tupu!

Tuta la kwanza: krraaa!

"Shukeni!" Mama Obdulia akaamuru, kama walivyozoea. Abiria wa nyuma walivuka tuta kwa miguu, gari likafuata, kisha wakapanda tena.

"Na wewe bosi, shuka! Unadhani wewe ni mwepesi kama karatasi?" shangazi mkubwa alimfokea kwenye tuta la pili.

Evaristo akashuka na suti yake na sufuria lake. Tuta la tatu, wauza karanga wakamshangilia. La nne, alifungua mlango kabla hajaambiwa.

Tuta la saba aliinama dirishani kwa Nereida aliyeshika usukani, jasho linamtiririka, mchuzi umemwagikia tai.

"Weka tatu," alisema.

"Lakini bosi, mimi niliomba mbili."

"Mbili ni za mama yako. Hiyo moja ni ya shangazi."