Pindo la Sketi

Abiria alizijua dalili. Jina hilo alibandikwa na watoto wa nyumba ya pili alikolelewa, na tuseme ukweli, hawakukosea: kila alipoanza kuzoea nyumba, ofisa wa ustawi wa jamii alikuja kumhamisha. Siku hiyo nguo zake hufuliwa zote kwa mpigo, sauti za wakubwa hushuka, na mtu humwuliza kama ameshiba.

Asubuhi hii Mama Fundi, mshonaji aliyekuwa akimlea tangu mwaka jana, alikuwa amefua kila kitu. Sketi ya shule ilikuwa mapajani mwake, anaifumua. Abiria alipomwuliza kulikoni, aliambiwa anywe chai kwanza. Mtihani wa mwisho ulikuwa mwakani; akihamishwa tena ataanza upya kwa walimu wasiomjua, na hesabu alizoanza kuzielewa zitampotea. Akaenda chumbani kufungasha.

Ofisa alipofika na kuketi tu kando ya cherehani, Abiria akawahi. Alishaapa kwamba safari hii hangojei kufukuzwa.

"Niko tayari kuondoka," alisema. "Begi liko mlangoni."

Mama Fundi akaacha kufumua.

Ofisa akawatazama kwa zamu, kisha akaeleza. Mama Fundi ndiye aliyemwita. Ameomba Abiria abaki hapa mpaka amalize shule, hata umri wa kulelewa ukipita. Ila bila ridhaa ya msichana mwenyewe, ombi haliendi popote.

Abiria akamgeukia Mama Fundi. "Mbona hukuniambia?"

"Niliogopa, mwanangu. Wangekataa, ungevunjika moyo." Mama Fundi akaigeuza sketi. Pindo nene la ndani lilikuwa limefumuliwa nusu, kitambaa chake bado kipya. "Nilipokushonea niliacha nafasi. Nilijua utarefuka."

Nguo zote alizowahi kupewa Abiria zilikuwa za kumtosha siku ileile.

Ofisa akauliza aandike nini. Abiria akalichukua begi, akalisukumia chini ya meza ya cherehani, akaja kusimama mbele ya Mama Fundi apimwe sketi.

"Andika nabaki."

"Nyooka basi," alisema Mama Fundi, pini mdomoni, "nisije nikalipinda pindo."