Theluji ya Vichaka vya Reino

Vichaka sita vya bluberi, vile vitunda vya buluu, alivipanda marehemu mume wangu, Reino, nyuma ya nyumba yetu huku kaskazini mwa Minnesota, na watu wakamcheka. Vifupi mno, hata kiunoni havinifiki! Waache wacheke. Ufupi huo ndio unaoviponya. Januari theluji huvifukia mpaka nchani, vikalala humo salama. Tawi linalobaki nje linakaushwa na baridi. Mwanangu Dale amekua akifokewa na baba yake kila alipokanyaga theluji ya pale.

Reino alipofariki, Dale akaanza nyimbo zake.

"Mama, hamia mjini Duluth. Kuna fleti karibu na kwangu, ina lifti."

"Lifti ya kunipeleka wapi?"

"Bustani hii hutaiweza peke yako."

"We mtoto, nani kakwambia?" Mori ukanipanda. "Njoo Julai. Nisipokujazia ndoo ya bluberi kwa mikono yangu, nahama siku hiyohiyo."

"Kweli, Mama?"

"Haki ya Mungu!"

Kumbe mdomo huponza kichwa.

Januari nilishikwa na kifua, nikalazwa. Dale akaja kuangalia nyumba. Niliporudi nilikuta ua umekwanguliwa kwa mashine mpaka nyasi zinaonekana, na vichaka vyangu vimesimama uchi.

"Nimekusafishia njia ya sauna, usije ukateleza," akasema.

Njia ya sauna, kile kibanda chetu cha kuogea mvuke, iko upande wa pili! Nilitwaa beleshi nikaanza kurudisha theluji huku nakohoa. Dale akaninyang'anya.

"Utajiua, Mama! Ingia ndani!"

Wiki ile ilikuja baridi ya kupasua miti, na mbingu zikagoma kushusha theluji nyingine.

Mei, vichaka vya jirani yangu Hilja vilichanua. Vyangu, nikishika tawi linavunjika kama njiti ya kiberiti. Nililia pale chini, sikujali nani ananiona. Hilja alipiga magoti, akafukua kidogo shinani.

"Nyamaza bwana, tazama. Vinachipua. Mizizi hai hii. Mwaka wa keshokutwa utakula."

"Mwaka wa keshokutwa sina, Hilja. Mimi nina Julai tu."

Julai ikafika, na Dale akafika nayo, ndoo mkononi. Hata aibu hana! Tulisimama mbele ya vile vijiti vikavu, machipukizi mabichi yakiwa yamefika vifundoni mwetu.

"Nipe miaka miwili tu, mwanangu. Si unaona vinarudi?"

"Uliapa, Mama."

"Niliapa. Sasa na wewe niambie. Theluji ile ulijua ni ya nini?"

Akaiweka ndoo chini.

"Dale. Ulijua?"

"Nilijua."

Nilimzaba kofi. Mtu mzima mwenye mvi, nikamzaba, wala hakujikinga.

"Baba nilimkuta mimi," akasema. "Wewe ulikuwa kwa dada yako. Nilimkuta kwenye sakafu ya sauna, peke yake, ameshakauka. Tangu siku hiyo simu ikilia, moyo unanipasuka, najua naletewa habari zako. Siwezi kukukuta hivyo, Mama. Nichukie ukitaka, lakini twende."

Niliingia ndani nikafungasha nguo.

Nyumba imeshauzwa. Hilja ananiambia vichaka vimerudi vizuri, na mke wa mwenye nyumba wa sasa anatengeneza jamu. Hapa Duluth majirani wananisifia: una bahati we mama, mwanao anakupenda, kila jioni hakosi. Kweli hakosi. Anagonga, anaingia, ananitazama kwanza kama napumua, ndipo anavua kofia.

Ananipenda, najua. Angepunguza kidogo tu kunipenda, leo ningekuwa kwangu.