Pengo la Mama

Kitendawili! Nampunguza mwanangu kila upande, na mamaye akimpokea haoni kilichopungua. Umeshindwa? Nipe mji. Ni sauti hiyo, ikibanwa iingie katika kisanduku kidogo. Lakini masikio hayafanani, mjukuu wangu, na mengine husikia yakanyamaza.

Visanduku viwili vilikaa juu ya meza ya mama: kimoja kimeundwa na kifunguamimba wake, kimoja na kitindamimba. Kesho daktari angempasua koo, na sauti isingerudi tena. Tangu hapo angevaa kisanduku shingoni, abonyeze kitufe, kimsemee kwa sauti yake iliyorekodiwa: njooni mle, fungeni mlango, nani kaniibia kijiko changu.

"Sauti yangu mimi siijui kwa nje," mama alisema. "Wewe mkubwa ndiye uliyeanza kuisikia. Ipi ni mimi?"

Kifunguamimba akajifanya anakaza skrubu ambayo haikuwa imelegea.

Donge la wivu lilimkaa kifuani. Zamani, njia bora ya kubana sauti ilikuwa na wenyewe. Walikuwa na hataza, haki ya mvumbuzi, na asiye na ruhusa yao haigusi. Yeye alikataa kupiga hodi kwa watu. Akajifungia na kompyuta, akabuni njia yake, mvi zikamkuta palepale. Dada yake, yule kitindamimba, fundi redio, aliuza betri zake akingoja. Hataza ikafikia ukomo, njia ikawa ya kila mtu, naye akaichota kama maji ya mvua.

"Umeokota," kaka alimwambia.

"Nimeokota, kaka. Wenyewe wameshaachia. Wewe nani alikukataza kuinama?"

Mama akacheka mpaka akakohoa. "Huyu hata kuzaliwa alichelewa, akakuta maji yamekwishachemshwa!"

Kicheko kile kilimchoma kaka. Tangu siku binti huyu alipozaliwa, mgongo wa mama ulipata mwenyewe mpya, na yeye akaambiwa amekuwa mkubwa, atembee.

Dada alipokwenda jikoni kupika chai, kaka akavaa visikilizio masikioni. Akaanza na kisanduku cha dada. "Sinzia, mwanangu, sinzia." Kila penye *s* palipita mluzi mwembamba, mluzi wa pengo la jino la mbele, uliokuwa ukimpuliza utosini kabla hajajua kusema. Akahamia chake. Sauti ilikuwa safi, laini, kama ya mtangazaji. Mluzi haukuwemo. Ni yeye aliyeiambia njia yake kwamba sauti nyembamba za juu ni uchafu, zikatwe. Na njia iliyomlia ujana haitengenezwi upya kwa jioni moja.

Akavivua visikilizio polepole. Nani angejua? Mama haijui sauti yake. Neno moja tu, na angekaa shingoni mwa mama siku zote.

"Mwanangu," mama akaita. "Nimekuuliza, ipi ni mimi?"

Dada akaingia na vikombe, akaviweka mezani. "Chukua cha kaka, mama," akasema taratibu. "Amekihangaikia sana."

Hapo wivu ukapata sura nyingine. Alichokitamani tangu utotoni kilikuwa kimeletwa mbele yake, kimepozwa kama uji wa mtoto. Akamtazama dada yake; hakuona kejeli yoyote.

Akakisukuma kisanduku cha dada mpaka kikagusa mkono wa mama.

"Hiki," akasema. "Hiki ndicho chenye pengo lako."