Njia ya Kuponea

Wartini alikalia mito miwili ili macho yake yavuke usukani, na nyuma yake kijiko cha mashine kiliendelea kumwaga mawe kwenye bodi ya lori. Bodi ilikuwa imeongezewa mbao pembeni, na mawe yalikwisha kuzipita hata hizo mbao. Kila kijiko kilipomwaga, lori zima lilikaa chini zaidi, na tairi za nyuma zikabonyea.

"Inatosha!" alipiga kelele dirishani.

"Kutosha anakujua Pak Purwadi, Yu," mpakiaji akamjibu huku akicheka, akimwita dada kwa Kijava. "Wewe kazi yako ni kushika usukani na kumwomba Mungu."

Wenzake walicheka pia. Wartini alikuwa na miaka arobaini na sita, na zaidi ya nusu ya umri huo aliimalizia kwenye benchi la kiwanda cha sigara, akisokota tumbaku na karafuu kwa vidole. Alipoacha kazi ile ili ajifunze kuendesha lori, wanawake wa benchi lake walisema msiba umemharibia akili. Mwanamke wa umri ule, kizuka juzi tu, anakwenda kugombania mawe na wanaume! Hawakujua kwamba hakufuata mshahara. Alimfuata Pak Purwadi, yule bwana mwenye machimbo na mwenye malori.

Kasmudi, mumewe, alikuwa dereva wa Pak Purwadi. Asubuhi moja breki zilimkatikia kwenye mteremko wa Watulawang, lori likiwa limeshiba mawe namna ileile. Watu wa sokoni kule bondeni waliisikia honi ikilia kutoka juu mfululizo, na kila mwenye akili akashika mtoto wake akakimbia. Kasmudi hakulipeleka sokoni. Aliingia njia ya kuponea, kile kipande cha barabara kinachochepuka na kupanda kilimani, ambacho serikali hutaka kijazwe kokoto nyingi zisizoshindiliwa ili lori lisilo na breki lizame humo na kusimama. Lori halikuzama. Lilipita juu yake kama juu ya sakafu, likavuka mwisho wa njia, likaangukia korongoni.

Polisi waliandika kwamba kosa ni la dereva. Aliyekufa hahojiwi, kesi ikafungwa. Pak Purwadi alikuja mazikoni na magunia ya mchele, akalia mbele za watu.

Arobaini ilipopita, Wartini alikwenda mwenyewe mpaka kwenye ile njia, akachuchumaa, akachomeka kidole kwenye kokoto. Hakikufika mbali. Chini ya tabaka jembamba la kokoto kulikuwa na udongo ulioshindiliwa mpaka ukawa kama tofali. Pembeni lilisimama bango lenye jina la kampuni iliyolipwa kuijenga njia hiyo, na kampuni ilikuwa ya Pak Purwadi. Mtu mwenye mlima mzima wa kokoto! Hakushindwa kuzipata, aliona tu uchungu kuzitoa.

Tangu siku ile Wartini alitaka jambo moja: mtu yule akae pale alipokaa Kasmudi, aione njia aliyoijenga ikimjia usoni, na aseme kwa kinywa chake kuna nini chini yake.

Aliyemfundisha lori ni Tukijo, rafiki wa Kasmudi, dereva wa siku nyingi. "Shemeji," alimwambia siku ya kwanza, "kama unakuja kulipa kisasi, rudi nyumbani."

"Wewe nifundishe breki tu. Mengine niachie."

Tukijo alimfundisha breki. Alimfundisha na kushusha gia mapema, na kuisikia harufu ya breki zinazoungua kabla hazijafa. Pak Purwadi naye alimpa kazi bila kusita, maana madereva walikwisha kuanza kuukwepa mteremko ule, na tena alikuwa anagombea kiti cha baraza la wilaya. Mjane kwenye usukani ni picha nzuri.

Lori jipya lilipoletwa, dua ilisomwa uani kama ilivyo desturi. Paliwekwa kilima cha wali wa manjano na kuku mzima, na maji ya maua yakamwagwa kwenye tairi. Desturi inataka pia mwenye lori apande safari ya kwanza, tena likiwa na mzigo, ili lisizoee kutembea tupu. Pak Purwadi alisimamia upakiaji mwenyewe, na mawe yakafika palepale yanapofika siku zote.

"Dereva wetu leo ni mama yetu, Bu Wartini!" alimtangazia mpiga picha wa kampeni yake. "Mimi wajane siwatupi."

Watu wakapiga makofi. Wartini akapanda, akapanga mito yake. Kabla hajawasha lori alimpigia simu Tukijo, aliyekuwa na madereva wenzake kwenye kibanda cha kahawa, kisha akaiweka simu wazi kando ya gia, uso chini. "Sikilizeni tu," ndilo neno alilomwambia.

Njiani Pak Purwadi aliwapungia watu mkono mpaka nyumba zikaisha. Akavua kofia yake nyeusi, akajinyoosha.

"Usukani umekukubali, Bu. Naona umerefuka."

"Ni mito, Pak."

Alicheka mpaka akakohoa. Walipofika juu ya Watulawang, mahali ambapo kila dereva hushusha gia, Wartini hakuigusa. Lori likaanza kukimbia.

"Mbona kasi hivi?"

"Breki, Pak."

"Breki zina nini? Lori jipya hili!"

"Lori jipya, mzigo ule wa zamani. Hazishiki." Alikandamiza mguu sakafuni, kando ya pedali, kwa nguvu zake zote, ili Pak Purwadi auone ukitetemeka. Akaulaza mkono kwenye honi. Mzee mmoja mwenye baiskeli akajitupa mtaroni.

"Shusha gia! Shusha gia, mama!"

"Imegoma. Lakini usihofu, Pak. Baada ya kona hii kuna njia ya kuponea. Si uliijenga wewe?"

"Usiingie!"

Wartini akauondoa mkono kwenye honi, ili asikike vizuri. "Kwa nini?"

"Nimesema usiingie kule! Nyoosha, nyoosha tu!"

"Chini kuna soko, Pak. Kuna watu."

"Pita sokoni! Kule ni udongo mtupu, hakuna kokoto, tutakufa kama mumeo!"

Hapo ndipo Wartini aliposhusha gia na kukanyaga breki, kidogo kidogo, kama alivyofundishwa. Lori lilipiga kelele, likatoa moshi, likasimama mdomoni mwa njia ya kuponea. Furaha ilimjaa. Alikuwa hajafurahi namna ile tangu Kasmudi alipokuwa hai, na hakuona haya.

"Sema tena, Pak," alisema. "Kuna nini kule?"

Suruali ya Pak Purwadi ilikuwa imelowa. Alimtazama yule mwanamke, akaitazama pedali ya breki, kisha macho yakaangukia ile simu. Akaigeuza. Jina la Tukijo lilikuwa linawaka. Alifuta uso kwa kofia, akavuta pumzi, na alipofungua kinywa sauti ilikuwa ya upole, ileile aliyoitumia mazikoni.

"Tukijo. Salamu kwa vijana wote hapo. Lori hili jipya naona bado halijapata dereva."

Akakata simu.

Polisi walimhoji Tukijo siku iliyofuata. Alisema alisikia honi tu. Wenzake wa kibandani nao walisikia honi tu. Wartini aliwekwa ndani kwa kuhatarisha maisha ya abiria wake, na alipotolewa alikuwa amenyang'anywa leseni. Pale Watulawang alikuta bango jipya: njia ya kuponea inakarabatiwa, kazi imepewa kampuni ya Pak Purwadi. Vibarua walimwaga kokoto kiasi cha kufunika macho ya wapita njia, wakapaka mistari myeupe pembeni, wakaenda zao.

Kesho yake Wartini alikuja na jembe.

Alifagia kokoto kando, akaanza kuuvunja ule udongo. Jembe liliruka na kumrudia mikononi. Madereva wakipita walipunguza mwendo wakamtania.

"Yu War, unapanda mihogo?"

"Napanda kaburi la bosi wenu!"

Walicheka, lakini waliongeza mwendo haraka. Mabonge aliyoyang'oa aliyapanga chini ya bango, mbele ya lile jina, ili kila apitaye aone lililofunikwa. Jioni watu wa Pak Purwadi walikuja wakayatupa. Asubuhi akang'oa mengine. Tukijo alipita na lori jipya mara nyingi, bodi imejaa mpaka juu ya mbao, na kila alipopita aliangalia upande wa pili.

Asubuhi moja, umande ukiwa bado kwenye majani, akaisikia honi kule juu. Haikuwa ya salamu. Ililia mfululizo, bila kukatika. Akasimama, akaliona lori jipya likitokeza kwenye kona ya kwanza, moshi ukifuka magurudumuni.

Furaha ilimjia kabla ya kitu kingine chochote. "Nami nasikia honi tu, Tukijo." Aliyasema hayo kwa sauti, akiegemea jembe, na yalikuwa matamu mdomoni.

Kule bondeni watu wa soko walikuwa wanaitana majina ya watoto. Lori likaipita kona ya pili na pua yake ikageukia kwake, kwenye njia ya kuponea, maana Tukijo naye hakutaka kulipeleka sokoni.

Wartini aliangalia chini. Sehemu aliyokwisha kuilainisha ilikuwa na upana wa mkeka wa mtu mmoja. Akalitazama lori, akautazama mkeka ule wa udongo. Akainua jembe, akalima, akalima tena, kwa haraka, na honi haikukatika.