Masikio ya Mark Two

Wangwe aliyaacha masikio yake shimoni, kule Matongo, miaka ile dhahabu ilipowatia watu wazimu na kila mwenye nguvu akashika sululu. Baruti ililipuka kabla hajamaliza ngazi. Sikio la kushoto likafa palepale, la kulia likabaki kusikia ngurumo tu, tena ziwe ngurumo za karibu. Wengine hawakutoka kabisa, basi yeye alimshukuru Mungu. Kidhahabu alichokuwa amekiweka akakiuza, akanunua Toyota Mark Two kuukuu, akafungua na kibanda cha kutengeneza redio na simu pale Bomani, mjini Tarime.

Fundi redio asiyesikia redio! Watu walicheka, wacheke tu. Yeye aliweka vidole viwili juu ya spika, akajua kama inaongea au inakoroma, na kazi yake hairudi mara mbili.

Gari ndilo lililomuumbua. Siku moja alitoka Sirari amebeba wanakwaya wanne, na katikati ya njia injini ikaanza kugonga. Wale watu wakapiga kelele asimame. Wangwe akatazama kwenye kioo, akaona midomo minne imeachama kwa pamoja, akajua ni mapambio hayo, naye akawapigia mdundo kwenye usukani. Injini ilipasuka wakiwa bado wanaimba, kwa hesabu yake yeye.

Habari ilifika Nyanungu, ukweni, kabla yeye hajafika kwake. Mama mkwe wake, Agustina, aliwahi kuwa karani mpiga chapa katika ofisi za Bomani miaka ishirini na ushee, na neno lake lilikuwa fupi kama barua ya serikali. Kwa Wakurya mkwe na mama mkwe wanaogopana kwa haya: hawashikani mikono, hawatazamani usoni, hawasemeshani ana kwa ana. Kwa hiyo alimtuma mwanawe Simoni. Simoni akasimama mbele ya kibanda, akalisema polepole ili Wangwe asome midomo: binti yangu Robi asipande tena gari la mtu asiyesikia.

Neno hilo lilimchoma Wangwe. Lilimchoma kwa sababu lilikuwa kweli. Robi alikuwa na mimba ya kwanza, na mume asiyeweza kumbeba mke wake ni mume wa namna gani?

Akaweka injini nyingine ya mtumba, ndipo akaanza kulijengea gari masikio. Kulikuwa na laptopu iliyoletwa na mchimbaji mmoja aliyeikalia akiwa amelewa, kioo chake vipande vipande, lakini moyo wake mzima. Wangwe akaitoa matumbo, akayapanga ndani ya kopo pana la biskuti, akalifunga chini ya dashibodi. Umeme akauvuta kwenye betri kwa inveta. Kioo kidogo cha kutazamia filamu, kilichotolewa kwenye basi bovu, akakibandika karibu na usukani. Maiki ya simu akaishusha kwenye injini kwa waya mrefu, na programu aliyoipakua kwenye kafe ya mtandao ikawa inageuza sauti kuwa mistari: injini ikiwa na afya, mistari mifupi ya kijani, ikikohoa, mistari inaruka juu na kuwa myekundu. Chini ya mistari aliacha nafasi ya kuandikia maelezo yake ya kazi. Kibodi haikupata pa kukaa mbele, akaitundika mgongoni mwa kiti chake, aitumie akiwa ameegesha na kukaa siti ya nyuma.

Miezi mitatu aliendesha hivyo bila tatizo. Watu wa Bomani waliokuwa wakimwambia sikio la kufa halisikii dawa, sasa walikuja kuchungulia dirishani. Lakini Nyanungu hawakutuma neno lolote, na Robi alikuwa ameshakwenda kwa mama yake kungoja kujifungua.

Ujumbe wa simu uliingia asubuhi, Jumanne, siku ya mvua. Robi ameshikwa na uchungu, mtoto amelala vibaya, muuguzi wa zahanati anasema apelekwe haraka hospitali ya mjini. Gari la zahanati liko mbali. Bodaboda haiwezekani. Simoni yuko mashimoni, simu haipatikani. Ujumbe ulimalizika kwa maneno mawili: Njoo wewe. Wangwe hakuhitaji kuuliza nani kauandika, maana nukta na mikato yote ilikuwa mahali pake.

Alipofika, Agustina alikuwa amesimama kando ya ukuta, uso umegeuka. Wangwe akainamisha kichwa, akatoa shikamoo yake kuelekea chini. Robi alilazwa siti ya nyuma, kichwa mapajani mwa mama yake. Kisha Agustina akafunga khanga kutoka mlango mmoja hadi mwingine, ikatenganisha mbele na nyuma, heshima ikalindwa. Tatizo ni kwamba khanga ile iliziba na kile kioo cha juu cha kutazamia nyuma. Sasa Wangwe alikuwa hana masikio, na kwa nyuma hana macho.

Akaondoka akiomba. Barabara ya Nyanungu kwenye mvua haina huruma, mara tope, mara jiwe. Jiwe moja lililigonga gari chini, akalisikia matakoni. Akatazama kioo haraka: mistari ni ya kijani. Tena mifupi kuliko siku zote. Akashusha pumzi, akajisemea kwamba leo hata injini imejua imembeba nani.

Hakujua kwamba waya wa maiki umeangukia bomba la moshi na kuyeyuka. Mashine ilikuwa kiziwi kama yeye.

Yaliyotokea nyuma ya khanga alisimuliwa na Robi baadaye. Agustina alisikia injini inagonga, ta-ta-ta, mlio aliousikia zamani kwenye magari ya halmashauri. Alisubiri mkwe asimame. Mkwe hakusimama. Aliupiga mgongo wa kiti kwa ngumi, na Wangwe kwa kweli alihisi, ila alidhani ni Robi anaumwa, akaongeza mwendo. Kilichobaki ni kupenyeza mkono na kumshika mkwe bega, jambo ambalo hajawahi kulifanya wala kuliona likifanywa. Mkono ulikuwa umeshanyanyuka ulipogusa kibodi, ile ambayo Robi aliwahi kumwambia kwamba inaandika kwenye kioo cha mbele. Mwanamke yule akaitazama herufi moja moja, akaweka vidole vyote kumi mahali pake, asitazame tena.

Mbele, Wangwe aliona maneno yanajiandika yenyewe chini ya mistari.

MKWE, INJINI INAGONGA SANA. SIMAMA SASA HIVI.
NDIMI, AGUSTINA.

Alisimama palepale, katikati ya barabara, akazima. Alipofungua boneti moshi ulimpiga usoni, na kijiti cha oili kilitoka karibu kikavu. Akaingia chini ya gari kwenye tope na tochi: lile jiwe lilikuwa limelegeza nati ya sampu, bakuli la oili chini ya injini. Akaikaza kwa nguvu zake zote, akamimina oili yote iliyokuwa kwenye dumu la akiba. Dakika tano zaidi za kukimbia zingeiua injini, na mvua ile, na njia ile, Robi angejifungulia wapi?

Waya wa maiki aliukuta umeyeyuka; akaunga kipande kilichobaki, lakini ulikuwa mfupi, haufiki tena kwenye injini. Akaupitisha ndani, akaifunga maiki karibu na gia, hapo iweze kusikia chochote itakachosikia. Akawasha. Kijani. Akangoja. Maneno mengine yakaja.

SASA IKO SAWA. TWENDE.

Wakaenda hivyo hadi mjini, yeye akiendesha, mama mkwe akiandika: punguza, shimo, pikipiki nyuma yako inapiga honi. Hakuna aliyemtazama mwenzake, wala khanga haikusogea.

Robi alipasuliwa saa saba mchana. Wangwe alisimama ukumbini akitazama mlango, na ghafla akaona watu wote kwenye mabenchi wanatabasamu na kugeukia upande ule. Akaelewa kwamba mtoto wake amelia, na kwamba watu asiowajua wamemsikia na yeye hajamsikia. Muuguzi akatoka, akashusha barakoa, akamwambia wote wawili wazima, ni binti. Wangwe alikaa chini sakafuni, akalia, na hakujali nani anaona. Mungu si Athumani.

Siku ya sita aliwarudisha Nyanungu. Jua, barabara kavu, khanga mahali pake. Walipofika kwenye kona ya lile jiwe, mistari iliruka juu kabisa, myekundu yote. Akaegesha, akazima, akafungua boneti. Oili imejaa. Nati imekaza. Bomba halina moshi. Akarudi kwenye kiti chake amechanganyikiwa, akatazama kioo, na injini ikiwa imezimwa kabisa mistari bado ilikuwa inaruka, ikishuka kidogo na kuruka tena.

Chini yake maneno yakaanza kutokea, polepole kuliko siku ile.

HIYO SI INJINI. NI MWANAO ANALIA.
NDIMI, BIBI YAKE.

Wangwe hakuwasha gari. Aliweka vidole viwili juu ya kioo, juu ya ule wekundu, akakaa hapo akimtazama binti yake akilia mpaka aliponyamaza, na nyuma ya khanga hakuna aliyemharakisha.