Mpira Wenye Mshale

Dolphine anasema breki haikuwa na shida yoyote. Anasema Frankline alikuwa kwenye simu na mwanamke, akaipita trekta ya miwa kwa fujo kule barabara ya Muhoroni, na alipoona ng'ombe mbele, mguu ukasahau kazi. "Gari ikalala kwa mtaro kama kiboko!" anasema huku akimimina chai. Dolphine anauza chai ng'ambo ya gereji yetu hapa Kisumu. Muhoroni hajafika mwaka huu, lakini anasimulia mpaka wateja wanasahau mandazi mkononi.

Frankline hakuumia. Ni dereva wa Madam Perez, mwenye duka la dawa, na gari ni ile ya buluu tuliyoitengeneza Jumatatu, yenye turbo, ile feni inayoisukumia injini hewa ukikanyaga mafuta. Jana ilipovutwa mpaka kwetu, fundi Salim aliiwasha, akakanyaga breki mara tano. Laini kabisa.

"Breki iko. Dereva ndiye hayuko," akasema, na watu wakacheka.

"Fundi, naapa, ilikuwa ngumu kama ukuta," Frankline akasema. "Mara moja tu, halafu ikarudi."

"Kwani ilikuwa imeenda wapi, sokoni?"

Wakacheka tena. Madam Perez amemwambia Frankline arudishe funguo leo saa nane, kazi yake imeisha.

Mimi ile "mara moja tu" haikunitoka kichwani. Ile Jumatatu mipira yote ya kupitisha upepo juu ya injini niliibadilisha mimi. Ilikuwa imekauka, ukiikunja inapasuka. Niliichomoa mmoja mmoja, kila mmoja nikiufunga kipande cha leso nijue unakoenda, maana pale imelaliana kama matumbo ya mbuzi. Ule mnene unaoenda kwa breki ulikuwa na mshale mweupe. Nikamuuliza fundi mshale ni wa nini. Akasema ni mapambo ya kiwanda, nikate mwingine kwa roli la mpira wa kawaida. Nikakata. Mimi niliachia shule darasa la nane, na fundi ana miaka thelathini chini ya bonneti. Ningebishana na nani?

Leo asubuhi niliutafuta ule wa zamani kwenye gunia la takataka. Nikaupanguza, nikaupuliza. Pumzi ikapita. Nikaugeuza, nikapuliza tena. Ikakataa, mpaka masikio yakaziba.

Nilingoja fundi abaki peke yake, nikampelekea.

"Puliza, fundi."

"Debra, mimi si mtu wa tarumbeta."

"Puliza tu. Sasa geuza."

Akageuza. Mashavu yakajaa, macho yakamtoka, hakuna kilichopita.

"Ndani kuna kifuniko," nikasema polepole. "Injini ikienda pole inanyonya, na huko kunyonya ndiko kunakolainisha breki. Turbo ikiamka, injini hainyonyi tena, inasukuma. Kifuniko kinazuia huo upepo usirudi kwa breki. Mpira niliokata hauna kifuniko. Hapa gereji turbo haijaamka, ndiyo maana tunaona breki ni nzuri. Lakini Frankline alikuwa amekanyaga mafuta kupita trekta, halafu ng'ombe hao..."

"Nimeelewa." Aliufuta ule mshale kwa kidole gumba. "Tutaweka wenye kifuniko. Gari itakuwa sawa."

"Gari ndiyo. Na Frankline?"

"Dereva hakosi kazi, Kisumu ni kubwa."

"Dereva aliyeangusha gari ya tajiri kwa mtaro? Nani atampa ufunguo?"

"Hii gereji ina jina, Debra."

"Aliyekata ni mimi. Jina langu halijulikani hata hapo barabarani, litumie."

Akaokota bisibisi. Saa saba ilikuwa imepita.

"Fundi, mpigie Madam Perez. Sema ni mimi, sema ni sisi, sema vile utapenda. Lakini piga sasa, kabla Frankline hajafika kwake."

Simu ilikuwa inatokeza kwa mfuko wa shati lake. Hakuigusa; aliinama juu ya injini, akaanza kulegeza klipu ya ule mpira niliokata.