Safu ya Bure

Siku ile nilisikia lungo kabla ya kupambazuka. Clémentine, mpishi wetu, alikuwa amekaa nje ya jiko akipepeta mchele polepole, asije akawaamsha wageni. Alijua kwamba mimi niko macho. Ilikuwa Jumapili ambayo ndugu za marehemu mume wangu wangekuja kuamua kama nitabaki katika nyumba ile au nitatolewa.

Ilikuwa nyumba ya wageni, vyumba vinane, karibu na barabara inayotoka soko la Kasongo. Mume wangu, Pierre, aliijenga kwa miaka tisa, nami nilichota maji ya kufyatulia matofali yake yote. Alipokufa, Alain, mtoto wake wa mke wa kwanza, alikuja kutoka Kindu kwa pikipiki. Alisema nyumba ni ya baba yake. Mwanamke mzee wa Lusangi kama mimi, aliyesoma mpaka darasa la nne tu, ataigawa kwa wapita njia mpaka ubaki ukuta. Familia ikakata shauri hivi: nipewe miezi mitatu. Nikionyesha hesabu safi na faida, ninabaki mpaka nife. Nikishindwa, Alain anachukua funguo. Aliyenisemea siku hiyo ni Kasimu, mdogo wake Pierre, ambaye sasa ndiye mzee wa familia. Bila yeye nisingepata hata juma moja.

Basi nikaenda kujifunza. Chama kimoja kilifungua mafunzo kwa wenye nyumba za wageni na mikahawa, katika ukumbi wa parokia, Jumamosi saba. Karibu wote walikuwa vijana wenye simu za kupigia hesabu. Mmoja aliniuliza kama nimekuja kuwauzia karanga. Mwalimu wetu, binti anayeitwa Aimée, hakucheka. Alinisogezea kiti karibu na ubao, na kila alipoandika tarakimu aliisoma kwa sauti, akijifanya anawasomea wote.

Alitufundisha kwamba kitanda kilicholala tupu jana hakiuziki leo. Alitufundisha kupima sahani moja ya wali: mchele kiasi gani, mawese, chumvi, makala ya kuwashia jiko, na jasho la mpishi pia. Nilipopima sahani ya samaki wa mto Lualaba nikaona kwamba kwa miaka mitatu nilikuwa ninawalipa wageni ili wamle. Nilicheka peke yangu, kisha nikapandisha bei. Nilijifunza kutenga feza ya nyumba na feza ya mfuko wangu. Na kila kinachotoka, alisema, kiandikwe: jina, kiasi, sababu.

Nikauliza juu ya kile ambacho mutu anapewa tu.

"Hata hicho, Koko," alinijibu, maana vijana wa kwetu ndivyo wanavyomwita bibi. "Ukichoree safu yake. Usipokiandika, ni kama kimeibiwa."

Jambo hilo lilinikaa vibaya. Kwetu Lusangi mama yangu alituambia kwamba ukimlisha mutu kisha ukasema, umemtoa chakula tumboni. Lakini nilifikiri kitabu si mdomo. Ni mimi na Mungu tutakaokisoma. Nikachora safu, nikaandika juu yake: bure.

Akaingia humo mama mmoja wa Kabambare aliyemleta mtoto aliyeungua kwa maji ya moto, akitafuta hospitali. Usiku nne. Akaingia dereva wa pikipiki aliyetetemeka kwa homa. Na akaingia Kasimu.

Mwaka huo mpunga wa Kasimu ulilala wote kwa mvua, na watoto wake wako mbali. Alianza kuja nyuma, kwa mlango wa jiko, baada ya sala ya alasiri, wakati wageni hawapo mezani. Hakuomba hata siku moja. Alisalimu, akauliza kama kuku wetu wanataga, na Clémentine akamwekea sahani ya wali na sombe, yale majani ya muhogo, kana kwamba imebaki. Akishakula aliiosha mwenyewe. Kisha mzee yule, ambaye mbele yake vijana wa familia huondoa kofia, alichukua fagio akafagia uwanja wa jiko, akaenda zake. Siku kumi na moja. Niliona namna alivyofagia, hata chini ya mabanda ya kuku, na nikasema moyoni huyu ni mutu wa heshima. Jioni nikaandika kama nilivyofundishwa: Kasimu, wali na sombe, sahani moja. Sababu: njaa.

Jumamosi ya saba mafunzo hayakufanyika. Feza ya chama iliisha, ukumbi ukafungwa.

Asubuhi ile ya Jumapili, Clémentine aliacha mchele wake akaja kukaa kizingitini kwangu. Aliniambia tunakili kitabu upya, safu ile tuiache, yeye atanitajia tarakimu nami nitaandika, tutamaliza kabla ya misa kutoka. Nilikataa. Nilimwambia kitabu kilichoandikwa chote kwa wino wa siku moja kinajulikana ni cha mwizi, Aimée alitusomesha hivyo. Hiyo ilikuwa kweli. Kweli nyingine ni kwamba nilikuwa nimepata faida ya faranga laki nne na kumi na mbili elfu, na nilikuwa na hamu ya kusifiwa.

Walikuja kumi na wawili. Tuliwapa viti vya sebuleni na benchi mbili za jirani. Alain alipokea kitabu kwa mikono miwili, kwa adabu. Alikuwa na miwani mipya. Alisoma mapato ya vyumba, akasoma matumizi, akapiga hesabu katika simu yake mara mbili, na mara zote mbili ikatoka sawa na yangu. Mke wa mpwa wangu mmoja akaanza kutabasamu, akanitazama. Kasimu alitikisa kichwa kukubali, pole pole kama mutu aliyeshinda kesi. Kwa kitambo kidogo nyumba ilikuwa yangu.

Kisha Alain akafungua kurasa za nyuma.

"Hapa iko safu nyingine," alisema. "Inaitwa bure. Laki moja na sabini na nane elfu. Tusome, wazee, tujue tumelisha nani."

Alisoma kama katekista anavyosoma matangazo ya ndoa, jina kwa jina, akisimama baada ya kila moja. Alimsoma mama wa Kabambare. Alimsoma dereva. Nilisimama nikamwomba aniachie kitabu, nikasema jumla inatosha. Alinijibu kwa upole nikae, mbona hesabu zangu ni nzuri, kwa nini nizionee haya.

"Kasimu," alisoma. "Sahani moja. Sababu, njaa." Akageuza macho mstari wa chini. "Kasimu. Sahani moja. Sababu, njaa."

Aliisoma mara kumi na moja. Hakuruka hata moja.

Mara ya tatu hivi kijana mmoja kwenye benchi akaguna, "Kumbe baba mdogo alikuwa na chumba chake jikoni," na wawili wakacheka ndani ya viganja. Mke wa Kasimu alikuwa ameketi karibu na mlango. Yeye hakujua. Alikuwa anamwachia mumewe nusu ya muhogo wake siku zile, na mume anakataa, anasema hana hamu. Alifunika uso kwa kitenge.

Kasimu hakunitazama. Alitazama viatu vyake, ambavyo alikuwa amevipaka mafuta kwa ajili ya siku hiyo. Alain alipomaliza alifunga kitabu, akasema yeye hana neno, faida iko, mzee wa familia ndiye akate.

Sauti ya Kasimu ilipotoka ilikuwa ndogo.

"Nyumba apewe mutoto wa mwenyewe," alisema. "Mutu anayeandika tumbo la mwenzake hawezi kulinda wageni."

Nilikuwa na maneno. Ningeweza kusema sikukusudia, ningeweza kusema ni mwalimu aliyeniagiza. Lakini kila neno lingekuwa sahani ya kumi na mbili. Nikavua funguo shingoni, nikaziweka juu ya kitabu. Kasimu alipita mbele yangu akitoka, na nguo yake ikagusa goti langu. Hata hapo aliishika pembeni isinipige usoni. Niliona hilo.

Jumatatu nilikutana na Aimée sokoni, akinunua sabuni. Alinishika mikono, akanieleza kwamba katika darasa lote kitabu changu ndicho kilichokuwa safi kuliko vyote. Nilimsimulia. Alikaa juu ya gunia la mutu akatazama chini. Akasema Jumamosi ya saba ndiyo ilikuwa ya kufundisha jinsi ya kuwaonyesha wengine hesabu: mbele ya wenye mali hutolewa jumla tu, majina hubaki kwa mwenye kitabu. Alisema somo lenyewe halichukui saa moja. Aliniomba msamaha, nikamnunulia ndizi mbili, kwa sababu uso wake ulikuwa umepauka.

Alain hakunifukuza. Jioni ile aliniambia ninaweza kukaa katika chumba changu muda ninaotaka, kwa faranga elfu kumi na tano kwa siku, bei niliyoiweka mimi. Alisema chumba kile ndicho chenye dirisha barabarani na ni hasara kukilaza bure. Nilitafuta kosa katika hesabu yake, sikuliona. Nililala usiku tatu, nikalipa tatu, akanipa risiti tatu zenye muhuri. Ya tatu aliiandika vizuri zaidi, maana nilimwonyesha mahali pa kuweka tarehe.

Alhamisi nilitafuta pikipiki ya kunifikisha Kabambare, na kutoka hapo Lusangi, kwa binti wa dada yangu. Alain alikuwa mezani na mgeni. Kasimu hakuja, tangu Jumapili hakupita tena njia ile, anazungukia upande wa msikiti. Clémentine peke yake ndiye aliyetoka. Alifunga kifurushi changu nyuma ya pikipiki kwa mpira, akajaribu fundo mara mbili, akaniwekea gunia lililokunjwa mahali pa kukalia kwa sababu ya mashimo ya barabara. Mikono yake ilikuwa na unga.

Nilimwambia ajiangalie, asimjibu Alain vibaya, kazi ni kazi. Alisema amesikia. Dereva akawasha. Akanishika kwenye goti, akainama karibu na sikio langu ili walio mezani wasisikie.

"Urudi unitembelee, mama," alisema. "Hata usiku mmoja. Nimeanza kuweka akiba, chumba nitalipa mimi."